Je, Wajua? Saa ya Mjerumani na Mashahidi Wake

Ukishuka kutoka Lushoto mpaka Mnazi, baridi inakuacha njiani. Huku chini ni joto, vumbi na mistari ya mkonge, na milima ya Usambara imebaki nyuma kama ukuta wa buluu. Huku saa kuukuu haiuzwi peke yake. Huuzwa pamoja na hadithi, na hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya Mjerumani.

"Shikamoo, babu. Saa hii ya lini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii ya kabla ya vita. Mjerumani alimwachia marehemu baba alipokuwa anawakimbia Waingereza."

Akafungua leso, akapangusa kioo kwa kidole gumba, akanisogezea sikioni nisikie inavyogonga. Sikuwa na sababu ya kumwona mwongo. Aliyasema aliyoyasikia utotoni. Nilimwomba tu twende kwa fundi saa, afungue mgongo wake kabla hatujataja bei. Nitairudia saa hiyo. Kwanza niseme ninachokiamini: saa ya zamani haina shahidi mmoja. Kasha, uso, akrabu, kioo, mashine, hata rangi inayong'aa gizani, kila kimoja kina umri wake na kinautaja. Anayesikiliza kimoja tu, hasa jina lililoandikwa usoni, amekwisha kudanganywa nusu.

Je, wajua kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake? Mwanamume alibeba saa ya mfukoni yenye mnyororo. Vita ndivyo vilivyobadilisha mambo, kwani askari aliye ndani ya handaki na bunduki mikononi hana mkono wa tatu wa kuchomoa saa mfukoni. Kwa hiyo saa ya mkononi ya mwaka 1914, mwaka wa mapigano ya Tanga, hufanana na saa ndogo ya mfukoni: kasha la mviringo, mara nyingi la fedha, na vishikio vya waya vilivyochomelewa ubavuni ili mkanda upite. Uso wake kwa kawaida ni mweupe wa kung'aa kama bakuli la kauri, na akrabu ya sekunde imewekwa kwenye kiduara kidogo peke yake.

Tafuta basi visivyoweza kuwemo. Kasha la chuma kisichoshika kutu lilienea kwenye saa miaka ya 1930. Neno "Automatic", yaani saa inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, haliwezi kuwa la wakati wa Mjerumani, kwa sababu John Harwood, fundi saa Mwingereza, alipata hataza ya saa ya mkononi ya namna hiyo mwaka 1924. Incabloc, springi ndogo yenye umbo la kinubi inayokinga mhimili wa mashine saa inapoanguka, ilianza mwaka 1934. Wilhelmstal, kama Lushoto ilivyoitwa enzi hizo, ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa Wajerumani tangu 1916. Neno moja kama hilo likiwa usoni, Mjerumani anaondoka kwenye hadithi.

Na kama kasha ni la fedha kweli, geuza utazame ndani ya mfuniko. Fedha ya Ujerumani, tangu mwaka 1888, hupigwa muhuri wa mwezi mwandamo na taji, pamoja na namba ya usafi kama 800. Fedha ya Uswisi ya kiwango hichohicho ilipigwa ndege wa porini wa jamii ya kwale. Saa nyingi zina mihuri yote miwili, kwa kuwa zilitengenezwa Uswisi zikauzwa Ujerumani. Waingereza nao, kuanzia Juni 1907, waliamuru saa za fedha na dhahabu zinazoingizwa nchini kwao zipimwe na kupigwa muhuri wenye herufi ya mwaka. Herufi hiyo ni kama cheti cha kuzaliwa: ukipata jedwali lake unausoma mwaka bila kubahatisha. Ila ni mwaka wa kasha, si wa mashine iliyomo. Kasha la 1915 linaweza kubeba mashine ya 1940.

Nimezungumza sana juu ya Mjerumani kwa sababu Tanga na Usambara hadithi za mali zake hazijaisha: masanduku yaliyofukiwa, ramani zilizofichwa, mti wenye alama. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ipo kweli, na kwa sababu ipo kweli, bandia zake ni nyingi. Kwenye saa ni vivyo hivyo. Uongo hupanda pale ambapo ukweli umekwisha kulima.

Je, wajua kwamba taa ya wakala wa pesa za simu, ile ya zambarau ya kuangalia noti bandia, inaweza kukuambia umri wa saa? Rangi ya kuwaka gizani imepita vizazi vitatu. Kizazi cha kwanza ni radiamu, iliyotumika tangu mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka miaka ya 1960. Kizazi cha pili ni tritiamu, na saa zake mara nyingi huandikwa herufi T pembeni mwa neno SWISS, chini kabisa ya uso, kwa maandishi madogo mno. Kizazi cha tatu hakina mionzi. Ni rangi inayokunywa mwanga na kuutoa polepole, iliyovumbuliwa na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993.

Ingia chumba chenye giza, mulika uso wa saa kwa taa hiyo, kisha zima. Rangi ya radiamu au tritiamu iliyozeeka inaweza kung'aa taa ikiwa imewaka, lakini ukizima hufifia upesi sana. Uso ukiendelea kuwaka vizuri kwa dakika kadhaa, basi rangi hiyo imepakwa baada ya 1993, hata kama muuzaji anaapa kwamba saa haijawahi kuguswa tangu Uhuru. Tazama pia kama namba na akrabu zinang'aa sawasawa. Zikitofautiana, huenda ama akrabu ama uso umebadilishwa.

Radiamu ina alama nyingine, nami naipenda kuliko zote. Saa ikilala sandukuni miaka mingi akrabu zikiwa zimesimama mahali pamoja, mionzi yake huunguza uso na kuacha kivuli cha hudhurungi chini yake. Kivuli hicho hutokana na muda, na haraka ya muuzaji haiwezi kukiiga vizuri. Ila usishangilie mpaka ukamwomba fundi aikwangue. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Kinachokufa ni ile kemikali ya kutoa mwanga, na sumu inabaki palepale. Wasichana wa viwandani Marekani, walioagizwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao wakati wa kupaka nyuso za saa, waliugua taya na mifupa, wengine wakafa miaka ya 1920. Saa ya radiamu iache imefungwa. Usiifungue mezani pa kulia chakula, wala usimpe mtoto achezee.

Lakini tuseme ukweli, saa nyingi za zamani mikononi mwa watu wetu hazikutoka kwa Mjerumani wala Mwingereza. Ni Seiko. Seiko 5 ilitoka mwaka 1963, na ile 5 ilikuwa ahadi ya mambo matano: inajijaza yenyewe, siku na tarehe ziko kwenye dirisha moja, inahimili maji, kasha na mkanda wake ni imara, na kitufe chake kimejificha pale kwenye namba 4, namba ambayo sisi tukiisoma tunasema saa kumi.

Je, wajua kwamba Seiko imebeba mwezi wake wa kuzaliwa mgongoni? Tazama namba ya mfululizo kwenye mfuniko wa nyuma. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0, Novemba ni N, Desemba ni D. Namba inayoanza na 78 ni ya Agosti ya mwaka unaoishia na 7. Upi? 1967, 1977, 1987 au 1997? Hapo unamwita shahidi wa pili, namba ya mashine, ambayo ni zile tarakimu nne zilizotangulia kistari. Mashine 7009 ilianza katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo 1967 haiwezekani. Mashine 7S26 ilianza mwaka 1996. Mtu akikuletea Seiko ya "marehemu babu, mwaka 77", na mgongoni imeandikwa 7S26, hiyo ni saa ya 1997 au baadaye, haidhuru babu alikuwa mtu mwema kiasi gani.

Shahidi wa tatu yuko usoni, chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo bila lenzi utayadhania mchubuko. Zile tarakimu nne za mashine hurudiwa pale. Mgongoni ikiwa 7009 na usoni 6119, uso huo ni wa kuazima.

Na nyuso za kuazima ni nyingi, kwa sababu kuna mji mzima wa mafundi hodari wa kazi hiyo. Huko Mumbai saa kuukuu za Seiko 5, Favre-Leuba, na HMT za India hukusanywa, husafishwa, hupakwa nyuso mpya na kuuzwa duniani kote. Utazijua kwa rangi. Chungwa kali, kijani cha kasuku, nusu nyekundu nusu nyeusi, rangi ambazo kiwanda hakikuzitoa kamwe kwa saa hiyo. Herufi zake ni nene, mstari mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Mashine ndani mara nyingi ni halali, na saa inatembea. Mtu akitaka saa ya kuvaa shambani na akauziwa kwa bei ya saa ya kuvaa shambani, hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma inaanza pale inapoitwa "orijino, haijaguswa".

Maneno ya usoni nayo yana tarehe. "WATERPROOF" lilikuwa neno la kawaida mpaka miaka ya 1960, kisha watengenezaji wakabanwa, hasa Marekani, waache kuahidi kwamba maji hayaingii kabisa, ndipo "WATER RESISTANT" ikashika nafasi. Neno "QUARTZ" lina siku yake kabisa: saa ya mkononi ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa, Seiko Astron, ilitoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969. Huhitaji hata kusoma. Akrabu ya sekunde ikiruka mara moja kila sekunde, karibu kila mara ni ya betri. Saa ya kamani hutembea kwa vihatua vidogo, vitano, sita au vinane kwa sekunde moja, kiasi kwamba jicho huona kama inateleza.

Kuna Casio pia. Vijana wa leo wameanza kuita F-91W saa ya zamani, na hawakosei sana, maana ilitoka mwaka 1989. Bandia zake zimejaa kila genge. Bonyeza kitufe cha kulia bila kuachia, kwa sekunde tatu hivi: saa halali huandika jina CASIO kwenye kioo. Ikikaa kimya, rudisha mezani kwa adabu uendelee na safari.

Dhahabu sasa. Pembe za kasha zikichubuka zikaonyesha manjano, watu hufurahi, wakidhani dhahabu imejitokeza. Ni kinyume chake. Dhahabu ikichovywa juu ya shaba, inayochubuka ni dhahabu, inayojitokeza ni shaba. Maandishi kama "20 MICRONS" maana yake ni unene wa dhahabu iliyochovywa, sehemu ndogo mno za milimita, si karati. Kasha la dhahabu tupu la Uswisi la karati 18 huandikwa 0,750 au 18K, na kabla ya 1995 lilipigwa muhuri wa kichwa cha mwanamke, Helvetia. La karati 14 lilipigwa kindi. Tangu 1995 muhuri ni kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Mbwa kwenye saa inayosemwa ni ya 1960 ni mbwa aliyepotea njia. Ukiona shaka, sonara yeyote mwenye jiwe na tindikali atakupa jibu kabla chai haijapoa.

Je, wajua kwamba moja ya saa zinazoghushiwa kwa ustadi mkubwa inahusu ndugu zetu wa Oman? Sultani Qaboos bin Said, baada ya kushika utawala Julai 1970, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikachapwa jambia la Oman usoni. Alizitoa zawadi, zikiwemo kwa Waingereza waliotumikia vita vya Dhofar. Miaka hiyohiyo watu wengi wenye asili ya Zanzibar, waliokua na Kiswahili kinywani, walirudi Oman kujenga maisha, na mpaka leo Muscat na Tanga zinasafirishiana zawadi, ndoa na misiba. Kwa hiyo si ajabu mtu wa pwani kusema, "Hii alipewa mjomba, kule Muscat." Inawezekana.

Ugumu wake ni kwamba saa yenye jambia huuzwa kwa bei kubwa kupita mwenzake wa aina ileile asiye na jambia, na tofauti yote iko kwenye tone la wino. Mghushi hahitaji kutengeneza saa. Ananunua halali, anachapa jambia. Kila kitu kitakubali ukipima isipokuwa hilo tone. Ndiyo maana wanaojua huiweka saa chini ya lenzi kali watazame kingo za jambia kama zimekatika safi, na kama chini yake kuna mabaki ya maandishi yaliyofutwa. Kisha wanauliza karatasi: barua, picha ya mjomba akiwa ameivaa, risiti ya matengenezo. Picha ya arusi ya mwaka 1975 yenye saa mkononi ina thamani kuliko kiapo.

Wakubwa pia huanguka. Novemba 2021, kwenye mnada wa Phillips mjini Geneva, Omega Speedmaster ya 1957 iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na ikasemekana ni ya ajabu kwa jinsi ilivyozeeka vizuri. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, vingi vikiwa halali, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Saa ya viraka. Kila shahidi alisema kweli kuhusu nafsi yake, ila hawakuwahi kuishi nyumba moja.

Kuna viwanda vilivyotunza vitabu vya saa zao. Longines ya Saint-Imier ina daftari zinazorudi nyuma mpaka 1867, na ukiwapelekea namba iliyopigwa kwenye mashine wanaweza kukutajia tarehe ambayo saa iliondoka na nchi ilikopelekwa. Kama Longines ya babu ina namba inayosomeka, andika barua pepe kabla hujaandika bei.

Lakini kitabu ninachokiamini kuliko vyote kiko ndani ya mfuniko wa nyuma, na kimeandikwa kwa sindano. Mafundi saa wa zamani, kila walipoosha mashine na kuitia mafuta, walikwaruza ndani ya mfuniko alama yao, namba ya kazi, mara nyingine tarehe. Maandishi hayo ni madogo kama miguu ya sisimizi. Hakuna aliyeyaandika ili auze.

Fundi aliigeuza ile saa ya Mnazi chini ya taa. Nje imeandikwa kwa Kifaransa "FOND ACIER INOXYDABLE", maana yake mgongo tu ndio wa chuma kisichoshika kutu. Kasha lililobaki ni shaba iliyochovywa kromiamu, na ndiyo sababu pembe zilikuwa za manjano. Akaufungua. Kinubi cha Incabloc kilikuwa pale, kimetulia kwenye mhimili wake. Ndani ya mfuniko alama tatu za sindano, mikono mitatu tofauti, na ya zamani zaidi ilikuwa na mwaka: 1954.

Babu alinyamaza. Nikamuuliza marehemu baba yake alifanya kazi gani miaka hiyo.

"Mkonge," akasema. "Alikata mkonge, baadaye wakampa unyapara."

Miaka michache kabla ya hapo vita vya Korea vilikuwa vimepandisha sana bei ya mkonge, na Tanganyika ndiyo iliyokuwa inaongoza kwa kuuuzia ulimwengu. Nilimweleza hivyo. Nilimweleza pia kwamba mwenye saa, na si mgeni aliyekimbia, ndiye hulipa fundi aioshe.

Aliichukua, akaitazama kama mtu anayeona sura ya ndugu kwenye kundi la watu asiowajua.

"Basi aliinunua mwenyewe," akasema.

Akaniomba nimwandikie ule mwaka kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, wajukuu waweze kuusoma. Akaikunja karatasi ndani ya leso pamoja na saa. Bei hatukuitaja tena siku ile.